Bibi na Daftari la Ulaya

Kila siku baada ya sala ya alasiri Bibi alivaa viatu. Sisemi makubadhi ya ndani. Nasema viatu vyake vyeusi vya kufunga kamba, nilivyovipiga rangi asubuhi, pamoja na baibui lake zuri na mkoba mapajani. Akishavaa alikaa kwenye kiti cha dirishani, chumba cha juu cha nyumba ile ya mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, akanyoosha shingo kidogo na kusema, "Haya mwanangu, twende." Nami nilifunga mlango, nikaongeza kiyoyozi kingurume, nikatoa daftari chini ya godoro lake, tukaondoka kwenda Ulaya.

Alizaliwa lini na ukoo wake ulianzia kwa nani, hayo sitayaeleza. Alinieleza mwenyewe mara nyingi, na kila alipoeleza ukoo uliongezeka mtu mkubwa mmoja. Mimi nilimkuta akiwa mama mzazi wa bosi wangu, mjane aliyetoka Unguja baada ya mapinduzi na binti mkononi na mwana mgongoni, akaishi Jeddah, kisha mwanawe alipotajirika akamhamishia Riyadh. Macho yake yalikuwa na ukungu na miguu yake ilivimba, na mimi nililetwa kuviangalia hivyo viwili. Miaka ile mtaani kwetu Mombasa, ukisikia vigelegele usikimbilie kudhani ni harusi. Huenda ni msichana kapata viza. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa kabla sijafungua begi.

Madam, mke wa bosi, hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Mfanyakazi wa kwanza wa nyumba ile aliitwa Fatuma, basi waliofuata wote wakaitwa Fatuma, asihangaike kujifunza upya. Mimi naitwa Mwanajuma. Wiki ya kwanza niliitwa mara tatu ndipo nikageuka, na nikaonekana kiziwi.

Nilidhani Bibi ni Mwarabu mtupu, maana mbele ya watu hakusema ila Kiarabu. Siku ya nne nilikuwa namkanda miguu, nikajisemea kwa lugha yangu kwamba mguu mmoja tu wa ajuza huyu una uzito wa gunia la chumvi. Sauti ikatoka juu ya kichwa changu, Kiunguja safi kabisa.

"Na wewe mikono yako ina magamba. Huko kwenu hakuna mafuta?"

Nusura nimwage beseni. Alicheka kimyakimya, kiganja kimefunika mdomo, kisha akanipa masharti. Mwanawe alipooa binti wa nyumba kubwa ya Riyadh, yeye na mwanawe walikubaliana kwamba Kiswahili kitabaki Jeddah. Wakwe waliambiwa kwamba hawa ni Waarabu waliokuwa kisiwani, wakarudi. Hakuna aliyesema uongo, aliniambia. Nyumba ina vyumba vingi na si kila mgeni anaoneshwa jiko. Kwa hiyo miaka yote ile Kiswahili chake alikisema msalani, mfereji ukiwa wazi, akijiuliza hali na kujijibu. Nilicheka aliponieleza. Baadaye, nikifua shuka zake, nilimwonea huruma mpaka nikakaa chini.

Daftari lilikuwa na jalada la ngozi lililovuliwa rangi na mikono. Mwenye kuliandika alikuwa bibi yake, mzaa mama yake, zama za meli za moshi, alipokuwa msichana wa miaka kumi na saba katika nyumba ya wakubwa Unguja. Ami yake alikwenda Ulaya kutafuta waganga wa macho, na yeye akachukuliwa kwa sababu alilia siku sita mfululizo. Aliandika kila siku, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika watu wa kale. Bibi hakumwita bibi. Alimwita yule mtoto. Humo ndani ana miaka kumi na saba, alisema, na mimi namzidi kwa sitini, nimwamkie vipi?

Wajukuu wa nyumba ile waliweza kuzisoma herufi lakini lugha hawaijui. Bibi aliijua lugha lakini macho hayakumfaa tena. Mwanawe, yaani bosi wangu, ambaye sisi wa kazi tulimwita baba, alikuwa na vyote viwili, ila hakuwa na nafasi, na tangu yale makubaliano hakuwa na ujasiri. Mimi nilisoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu, herufi zote nazijua na irabu zake. Nyumba nzima yenye magari manne uani, mtu pekee aliyeweza kulifungua daftari la ukoo alikuwa Fatuma wa tano.

Tatizo lilikuwa moja. Herufi zile mimi sijapata kuzisoma ila kwa Kurani. Nikiziona tu, sauti inapanda yenyewe kwenye mahadhi ya chuoni, inavuta panapovutwa na kukata pumzi panapokatwa. Siku ya kwanza nilisoma habari za wanawake wa Ulaya wanaofungwa viuno kwa kamba mpaka wanazimia karamuni, na nikazisoma kama ninayesoma Juzuu Amma mbele ya maalimu mwenye fimbo. Bibi alicheka hadi nikampiga mgongo. Nilijaribu kuacha, ulimi ukakataa. Mwishowe akasema niache hivyo hivyo, safari inanoga zaidi.

Tukasafiri. Nje jua lilikuwa linakausha suruali nzito ya jinzi kabla hujamaliza kuanika ya pili, na vumbi jekundu linagonga kioo, sisi tuko Marsilia, bandari ya Wafaransa, mvua inanyesha. Tulipanda treni usiku wa yule mtoto, mchana wetu. Tuliingia hoteli yenye chumba kinachopanda juu chenyewe kwa kamba, ami akakataa kukipanda, akasema amekwisha panda meli na hiyo inatosha. Bibi alifumba macho. Mara nyingine aliinua miguu kidogo kutoka sakafuni pale mwandishi alipovuka dimbwi, na mimi nilijikuta nashika shungi langu pale upepo wa baharini uliposomwa. Nikishuka jikoni kumenya vitunguu nilikuwa bado nimepigwa na baridi.

Kurasa nyingine nilizisoma mpaka zikakaa kichwani. Hii ni ya theluji: "Leo imeshuka theluji. Nimeifunga kwenye leso nimpelekee mama. Nilipofungua, leso imerowa, na mama hana kitu." Na hii ni ya bustani ya wanyama: "Nimemwona twiga wa kwetu. Nimemwamkia kwa lugha ya kwetu. Amegeuza shingo kama mtu aliyekutana ugenini na mtu wa mji wake, hataki kujuana naye." Ya twiga Bibi aliipenda kuliko zote, niliisoma karibu kila wiki. Wakati huo sikujiuliza kwa nini.

Alikuwa na mambo yake. Alisema sisi watu wa nyumba kubwa hatuli hiki, hatukai vile, kisha akanituma jikoni nimkwangulie ukoko wa wali niulete nimeuficha chini ya kitambaa, na aliutafuna kwa meno aliyobakiwa nayo kwa raha isiyo kifani. Chai aliitaka na pilipili manga. Alinigombeza nikikunja nguo vibaya, akazikunjua, akazikunja vibaya zaidi, akaridhika. Kila kiangazi jamaa nzima walikwenda Ulaya kupunga upepo. Mwanawe alimbembeleza kila mwaka waende naye, na kila mwaka alimjibu kwa Kiarabu kwamba yeye alishafika, mkate wao mgumu. Wajukuu wakatazamana wakadhani akili inamtoka. Akipewa habari ya mtu aliyejiona kafika, alisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na akasema hivyo hivyo akipewa habari ya mtu aliyekufa.

Sasa nije kwenye jambo lililokuwa likinikera. Ndani ya daftari kulikuwa na mtu wa tatu. Yule mtoto alisafiri na ami yake na "kijakazi wangu". Kijakazi wangu amebeba sanduku. Kijakazi wangu amelala mlangoni. Kijakazi wangu miguu imemvimba kwa baridi, nimempa soksi zangu za sufi, amezivaa akalia. Katika hoteli moja mabibi wa Kizungu waliingia kumsalimu binti wa kisiwani, wakampita, wakampa mkono kijakazi, kwa kuwa alikuwa mrefu na mwendo wake wa kutulia. "Nilicheka," yule mtoto aliandika, "kisha sikucheka."

Ami ana jina. Nahodha ana jina, hata farasi mmoja aliyewapeleka kanisani kutazama madirisha ana jina. Kijakazi hana. Nilipekua mbele na nyuma. Mimi niliyekuwa Fatuma mchana kutwa, hilo lilinichoma, na nilimwuliza Bibi bila kuzunguka jina lake nani.

"Hakuandikwa," alisema.

"Lakini wewe unamjua?"

"Soma mbele, mwanangu. Treni haingoji."

Nilimwuliza tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Kila mara treni haikungoja. Nikaanza kuamini kwamba hajui, na kwamba hakuna ajuaye tena duniani.

Ilipofika miezi minane baba alisafiri kikazi, na madam akapanda juu alasiri bila kuita. Alisikia mlangoni sauti inayosoma kwa mahadhi ya Kurani maneno ambayo si Kurani. Alifungua. Aliniona na daftari kuukuu, Bibi mbele yangu amefumba macho, amevaa viatu. Alilinyakua akalisoma mwenyewe, herufi anazijua, maana hamna. Tena kwa bahati mbaya ulifunguka ukurasa ambao yule mtoto alichora mabehewa ya treni: miraba imepangwa safu safu, na ndani ya kila mraba tarakimu za viti. Mwoneshe mtu wa kule mraba wenye tarakimu ndani, pembeni maneno yasiyoeleweka, hatakwambia ni treni. Alisema neno moja, sihri, yaani uchawi.

Kisha akamgeukia Bibi, akamwuliza kwa adabu huyu alikuwa anakusomea nini. Nilishusha pumzi, maana jibu lilikuwa jepesi. Bibi alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Akaulizwa mara ya pili. Aligeuza shingo, akatazama dirishani.

Nilifungiwa chumba cha kufulia na simu ikachukuliwa. Madam alisema baba akirudi kesho jioni nitapelekwa kunakohusika, halas, yamekwisha. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimesikia za wenzetu waliofungwa kwa hirizi ya mtoto waliyovaa tangu kwao, na mimi nilikutwa na kitabu kizima. Ndani ya nyumba, kufukuza uchawi, walikuwa wamefungulia redio Suratul Bakara toka mwanzo hadi mwisho, na mimi nikiwa nimekaa kati ya mashine mbili niliifuata aya kwa aya, kwa mahadhi yale yale yaliyoniponza. Na kati ya aya na aya nilimlaani Bibi. Nisamehewe, lakini nilimlaani. Nilimwogesha kwa mikono hii, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya pili, alasiri, nilitolewa niletwe sebuleni. Dada yake madam alikuwepo. Kati yao palikuwa na beseni la maji yaliyosomewa, ndiyo desturi yao ya kuvunja kitu cha namna ile: karatasi inaloweshwa mpaka wino utoke, na ubaya utoke nao. Daftari lilikuwa tayari limeingia kwa upande wa nyuma. Niliuona wino wa yule mtoto unatoka taratibu, rangi ya chai, na nililia kwa ajili ya wino kuliko kwa ajili yangu.

Ndipo tukasikia viatu kwenye ngazi. Bibi hakuwahi kushuka ngazi ile bila mkono wangu. Aliishuka peke yake, amekumbatia ukuta, viatu amevivaa cha kushoto kulia kwa sababu hapakuwa na wa kumvisha. Ilikuwa saa yake ya safari. Alifika chini, akasimama, akasema kwa Kiarabu.

"Toa mkono kwenye maji. Kitabu hicho ni cha bibi yangu. Na huyu haitwi Fatuma. Anaitwa Mwanajuma."

Kisha akafumba macho, na katika sebule ile, mbele ya kahawa na dada wa mkwewe, akasoma kwa moyo ukurasa wa theluji, kwa Kiswahili, kwa sauti kamili. Naye aliusoma kwa mahadhi ya chuoni, kama nilivyomzoesha. Alipomaliza akawafasiria neno kwa neno, theluji, leso, mama. Dada mtu aliweka kikombe chini. Madam akauliza, sasa sauti imeshuka, ni lugha gani hii.

"Ndiyo aliyonyonyeshewa mumeo," Bibi alisema.

Baba aliporudi jioni ile alimbusu mama yake kichwani, akamwomba radhi mbele ya mkewe kwa Kiswahili cha mtoto wa miaka sita, maana tangu aanze shule hakikukua tena. Madam hakuniomba radhi, ila alinirudishia simu, na kuanzia siku ile akaacha Fatuma. Mwanajuma lote lilimshinda, akaniita Juma. Sikumsahihisha.

Mimi sikusamehe upesi. Siku tatu nilimsomea Bibi kavu, bila mahadhi, kama anayesoma risiti. Siku ya tatu akaniambia nimemnunia. Nikamwambia ndiyo, na nikamwuliza alipoulizwa mara mbili alikuwa wapi. Vidole vyake vilichezea kamba ya kiatu.

"Nilikuwa yule twiga," alisema.

Nikaulizia na jina la kijakazi, nikiona saa hiyo hawezi kuninyima kitu. Akasema nisome mbele.

Haukupita muda akahamia Jeddah, kwa binti yake anayekaa mtaa wa Ghulail, mahali ambapo watu wanagombana ngazini kwa Kiswahili na mwenye duka chini anakuuliza habari za nyumbani kabla hajakuuzia chumvi. Alikwenda na daftari lake, kurasa za nyuma zimekunjamana. Nilibaki Al-Malqa na kiti cha dirishani, na alasiri sikujua pa kwenda.

Mkataba wangu ulipokwisha baba aliniruhusu nifanye umra kisha nipandie ndege Jeddah. Nilikuwa na nusu siku. Binti yake alinifungulia, akaniambia nisikasirike, mama siku hizi hamtambui mtu, yeye mwenyewe anaitwa dada. Bibi alikuwa kitandani, amepungua, miguu imefunikwa. Nilimshika mkono nikamtajia jina langu. Alinitazama kwa adabu ya mtu anayetazama mgeni wa jirani.

Basi nikaliomba daftari, nikakaa sakafuni, nikaanza kusoma, na mahadhi yakaja yenyewe. Marsilia, mvua, chumba kinachopanda kwa kamba. Shingo yake ikanyooka kwenye mto. Nikafika kurasa zilizoingia majini, hamna kitu ila mawimbi ya rangi ya chai, nikanyamaza. Yeye akaendelea. Alisoma kwa moyo safari ya kurudi, Swez, Adeni, joto linavyopokea mtu, na sauti yake ikazidi kuwa changa kila bandari. Kisha akaacha, akanyoosha mkono kutafuta kichwa changu, akakipata.

"Zafarani," alisema, "miguu yako imepata moto?"

Binti yake aliniuliza Zafarani ni nani, kwao hakuna mtu wa jina hilo. Mimi nilijua. Jina alikuwa nalo miaka yote, amelifungia chumba ambacho si kila mgeni anaoneshwa. Langu lilimpotea na la Zafarani likarudi, na sitasema sikuona uchungu, niliuona. Lakini nilifurahi kuliko nilivyoumia.

"Imepata, Mwana," nilimjibu. "Soksi zako zimenifaa."

Akalala. Nikamwomba binti yake kalamu. Ukurasa wa kwanza, pale yule mtoto alipoandika jina lake na la baba yake na la babu yake, chini palikuwa na nafasi. Herufi zile nilizoea kuzisoma, kuziandika sikuzoea, hivyo niliandika kubwa na kwa kupinda, kama mtoto wa chuo kwenye ubao wake, nikatia na irabu ili ajaye asikosee: Zafarani, aliyebeba sanduku.

Nikapuliza wino ukauke, nikamfunika miguu vizuri, nikaenda kupanda ndege.